Sheria ya Kutoka Nyumbani kwa Furaha

Kuna watu wa nchi jirani wanaosema kwamba serikali ya Jamhuri ya Shwari haina huruma. Naandika haya kuwaondolea shaka, maana nilikuwapo, na mezani kwangu ndipo fomu zilipoanzia.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika Kituo cha Taifa cha Nasaha kwa Wenye Nyumba Waliochelewa. Kituo kilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa haifanyi kazi tangu ilipozinduliwa, lakini ilikuwa na mlinzi wake na msaidizi wa mlinzi, kwa hiyo haikuwahi kuibiwa. Kazi yangu ilikuwa kugawa fomu, kupiga muhuri na kuwaonyesha watu choo kilipo.

Kituo kilianzishwa hivi. Mwaka ule wananchi wengi walikuwa na mikopo ya nyumba kutoka Benki ya Paa, ambayo ni ya serikali, na wengi wakashindwa kulipa marejesho. Benki ikawatuma madalali. Watu wakatolewa nje na vitanda vyao, wakalia. Walilia sana hata kilio kikafika hotelini, ambako wageni wa heshima walikuwa wanakula kiamsha kinywa. Bunge likakaa siku mbili kujadili jambo hilo. Siku ya tatu wabunge wakakubaliana kwamba tatizo limepatikana, nalo ni kilio.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kutoka Nyumbani kwa Furaha. Kwa sheria hiyo, hakuna mtu atakayetolewa kwenye nyumba yake akiwa na huzuni. Kwanza atapelekwa kwa mshauri nasaha, ataongeleshwa kwa upole, atasaidiwa kuiachilia nyumba moyoni. Akishatulia, mshauri atamtilia saini Cheti cha Kutulia, na dalali atakuja siku hiyohiyo mchana, kabla utulivu haujapoa.

Waziri wa Utulivu na Sherehe, Mheshimiwa Daktari Balozi Kitunzi, ndiye aliyekizindua Kituo.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani tulikuwa tunawatoa watu ndani ya nyumba. Huo ulikuwa ushamba. Kuanzia leo tutaitoa nyumba ndani ya watu. Ikishatoka, mwili utafuata wenyewe!"

Tulipiga makofi mpaka saa ya ukutani ikaanguka. Haijarudishwa hadi leo, kwa sababu iliandikwa kwamba imepumzishwa.

*

Miongoni mwa wateja wetu wa kwanza alikuwa Fundi Lupembe, mshonaji wa mtaa wa Mawe Matatu. Alikuwa mtu mnene, mwenye mashavu ya kung'aa, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kucheka. Akiona mbuzi anavuka barabara kwa madaha, anacheka. Akijikwaa, anacheka. Hata wakati wa kupima mteja kiuno alilazimika kuuma kitambaa, asije akamwudhi mtu.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na baraza alipoweka cherehani. Aliilipia miaka kumi na mmoja bila kukosa mwezi. Kisha Wizara ya Utulivu na Sherehe ikampa kazi ya heshima: kushona sare sitini za Bendi ya Taifa, makoti mekundu yenye nyuzi za dhahabu mabegani. Alinunua kitambaa kwa akiba yake yote, akashona miezi mitatu, akapeleka mzigo mwenyewe. Bendi ilizivaa kesho yake. Ikazivaa sikukuu, ikazivaa kupokea marais, ikazivaa kwenye televisheni kila Jumamosi.

Ila Wizara haikumlipa. Si kwamba ilikataa, hapana. Ilimwandikia barua nzuri sana kwamba sare hizo *hazijapokelewa*, kwa kuwa hati ya kupokea mali haijatiwa saini, kwa kuwa ofisa wa kuitia saini yuko ng'ambo kwenye mafunzo ya utiaji saini. Fundi alikwenda Wizarani mara ishirini na sita. Kila mara alipita geti linalolindwa na wapiga tarumbeta wawili waliovaa makoti yake, wakampigia saluti.

Hivyo akachelewa marejesho. Mwezi mmoja, miwili, hatimaye saba.

*

Walikuja Jumanne asubuhi, yeye na mkewe, Mama Sikitu. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mpishi wa shule ya msingi, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi mpaka nyuma.

Nikampa fundi fomu. Swali la nne lilisema: *Huzuni yako ni (a) ya kawaida, (b) kubwa, (c) nyingine, fafanua.* Fundi akacheka.

"Baba," nikamwambia kwa heshima, "hapa hapachekwi kabla ya kuandikishwa."

"Nisamehe, mwanangu. Hiyo 'fafanua' ndiyo iliyonimaliza."

Wakati anaandika, Mama Sikitu alisimama nyuma yangu akisoma sheria iliyobandikwa ukutani. Alisoma kifungu baada ya kifungu, akainama kusoma maandishi madogo ya chini. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Hata mimi niliyeibandika sikuwahi.

Mshauri wao alikuwa Bi. Eufrasia. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa jiografia, kisha akasomea nasaha kwa siku kumi na moja, siku mbili zikiwa za kufungua na kufunga mafunzo. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Miezi mitatu alikuwa hajapokea mshahara, lakini serikali ilikuwa inamtunzia.

Mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Fundi," alianza, akisoma kitabu cha mwongozo, "nyumba ni nini?"

"Ni mahali pa kulala, mama."

"Mwongozo unasema nyumba ni wazo."

"Sawa. Lakini mvua ikinyesha, wazo si linavuja?"

Nilisikia Bi. Eufrasia akikohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kitu kingine.

"Tuendelee," alisema. "Nataka ufumbe macho. Iambie nyumba yako: *Ahsante, umenihifadhi, sasa nakuachilia.*"

Fundi alikuwa mtu mwaminifu, akiambiwa jambo analifanya. Alifumba macho, akaiambia nyumba maneno hayo kwa sauti ya upole kabisa. Bi. Eufrasia akampa kazi ya wiki nzima: kila siku akiage chumba kimoja.

Walipotoka, fundi alikuwa anashuka ngazi akipiga mluzi.

"Yule mama anajua kazi yake," alimwambia mkewe. "Unajua nimetoka mle ndani nimepungukiwa na mzigo? Najisikia mwepesi."

Mama Sikitu akasimama katikati ya ngazi. "Umesemaje?"

"Mwepesi. Kama nimetulia hivi."

"Baba Sikitu, usiniue." Alimshika mkono kwa nguvu. "Hukusoma pale ukutani? Kifungu cha tisa. Mtu mwenye huzuni haguswi, hata ikipita miaka kumi. Siku ukitulia, tunalala nje!"

Mlinzi wa lifti aliniambia baadaye kwamba fundi alitaka kucheka, kisha akamtazama mkewe usoni, kicheko kikamkwama.

*

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia Mama Sikitu mwenyewe.

Kuanzia siku ile alichukua jukumu la kumtunza mumewe katika huzuni. Asubuhi, kabla hajampa chai, alimwambia, "Kumbuka makoti sitini." Fundi alikumbuka, uso ukaanguka, ndipo akapewa chai. Redio ilifungwa saa ya vichekesho. Kinyozi wa jirani, aliyekuwa na mdomo mwepesi, alipigwa marufuku kupita barazani bila kuonyesha kwanza kwamba hana habari yoyote ya kuchekesha.

"Hata ya mazishi?" kinyozi aliuliza.

"Hasa za mazishi," alijibu Mama Sikitu. "Zako huwa na utani ndani."

Fundi alijitahidi. Lakini kicheko ni kama kiungulia, kinakuja bila kuitwa. Kikimzidi alikimbilia banda la kuku, akajifunika gunia kichwani, akachekea humo. Kuku wakaacha kutaga.

Kila Alhamisi alirudi kwa Bi. Eufrasia, na kila Alhamisi hali ilikuwa ya hatari zaidi, kwa sababu mama yule alikuwa na kipaji cha kweli. Alikuwa akimsikiliza. Tangu fundi azaliwe hakuna ofisa wa serikali aliyewahi kumsikiliza dakika arobaini. Alirudi nyumbani ametulia, na Mama Sikitu alilazimika kumhuzunisha upya mpaka Jumapili.

"Usimsikilize sana," alimwonya. "Hesabu vigae vya dari."

"Nilivihesabu. Kimoja kina picha ya kifaru."

"Na wewe?"

"Nikacheka kidogo. Nikamwambia ni pumu."

Wizara nayo haikulala. Ilikuwa imemwajiri Mkaguzi wa Utulivu, Ofisa Ndimbo, kijana mrefu mwenye mkoba, ambaye alipita nyumbani kwa wateja bila taarifa ili kupima kama wanatabasamu kwa siri. Kipimo chake kilikuwa futi ya kawaida ya ushonaji. Mdomo ukivuka sentimita saba, mteja ametulia.

Alifika kwa fundi Jumatatu moja saa nne asubuhi, akatoa futi yake na kuiweka mdomoni mwa fundi.

"Samahani, ofisa," fundi alisema kwa taabu, "umeigeuza. Huo ni upande wa inchi."

"Nyamaza, napima."

"Na usiivute hivyo, italegea. Nipe nikuonyeshe."

Fundi akaichukua futi, akampima Ofisa Ndimbo mdomo kwa ustadi, kona hadi kona, akatamka: "Kumi na moja. Ofisa, wewe ndiye umetulia!" Na hapo kicheko kikaanza kupanda kutoka tumboni. Mama Sikitu alikiona kikipita kifuani. Alikuwa amebaki na sekunde mbili.

"Baba Sikitu," alisema, "mkumbuke marehemu mama yako. Alikuwa anauliza kila siku, nyumba utamaliza kulipa lini. Alikufa anauliza."

Fundi aliduwaa. Kisha akalia, kilio cha kweli, mabega yakitikisika. Ofisa Ndimbo akapima upesi. "Tano na nusu," aliandika. "Bado."

Alipoondoka, fundi aliendelea kulia. Mama Sikitu akakaa karibu naye kwenye kigoda.

"Umenichoma, mke wangu."

"Najua."

"Huyo mama usimtumie tena."

"Sitamtumia," alisema. Akamfuta uso kwa kanga yake, na siku hiyo hakumkumbusha makoti.

*

Ilipotimia miezi sita tulikuwa na wateja mia tatu na kumi na wawili na vyeti sifuri. Inaonekana kile kifungu cha tisa kilikuwa kimetembea mitaani. Watu walikuja kwenye nasaha wakiwa na nyuso kama wametoka kumzika mtu, wakakaa, wakashukuru, wakarudi nyumbani na huzuni yao nzima. Mtu mmoja alileta na picha ya mbwa wake aliyekufa, akawa anaiazimisha kwa wenzake kwenye foleni.

Mheshimiwa Kitunzi aliitisha mkutano wa dharura.

"Wananchi wanahodhi huzuni!" alipiga meza. "Serikali inatoa utulivu bure, wao wanakaa na huzuni zao majumbani kama magunia ya sukari! Huu ni uhujumu!"

Mtaalamu mmoja alipendekeza wateja walipwe ili watulie. Mwingine aliuliza kwa sauti ndogo, je, kama kuna yeyote kati yao anayeidai serikali, alipwe, alipe benki? Mkutano ulimtazama kwa masikitiko, akaomba radhi, akapewa ruhusa akapumzike.

Hatimaye Mheshimiwa akaamuru patafutwe mteja mmoja atakayetulia hadharani, televisheni ikionyesha, ili taifa zima liige. Tulitoa mafaili yote. Kwenye faili la Fundi Lupembe, Ofisa Ndimbo alikuwa ameandika: *Mchekaji wa asili. Anazuiwa na mke.*

"Huyu," alisema Mheshimiwa. "Tutampelekea bendi."

*

Siku ya Kutulia Kitaifa ilifanyika Jumamosi saa nne asubuhi kwenye uwanja wa Fundi Lupembe, ambao ulikuwa na nafasi ya watu thelathini. Bendi peke yake ilikuwa watu sitini. Matarumbeta yalikaa barazani, filimbi zikakaa juu ya banda la kuku, na mpiga ngoma kubwa alisimama jikoni akipigia dirishani. Mimi nilikuwa nimebeba muhuri na kidau cha wino. Bi. Eufrasia alisimama kando yangu na cheti, kimeshajazwa, kimebaki saini yake tu. Dalali alikuwa kwenye gari nje, amevaa suti.

Fundi alikalishwa mbele kwenye kiti. Mama Sikitu alisimama nyuma yake, mkono begani.

"Fundi Lupembe," Mheshimiwa alihutubia kamera, "taifa linakutazama. Tulia! Tulia kwa niaba ya wasiotulia! Bendi!"

Bendi ikapiga. Kwa dakika moja fundi alishika uso wake vizuri kabisa. Kisha macho yake yakaenda kwenye makoti. Yalikuwa hayajachuja. Mabega yalikaa sawa kwa kila mtu, warefu na wafupi. Mpiga tarumbeta mnene alijaza mashavu, akavuta pumzi mpaka mwisho, na mshono haukutetereka. Nadhani kwa fundi, kuona sare sitini za mikono yake zimejaa nyumbani kwake mchana kweupe kulikuwa kama kutembelewa na watoto wake wote kwa mpigo.

Mdomo ukaanza kwenda pembeni. Mama Sikitu alimfinya bega. Haikusaidia.

"Ngapi?" Mheshimiwa alinong'ona.

"Nane, Mheshimiwa!" Ofisa Ndimbo alikuwa amepiga goti na futi yake. "Tisa! Na bado inaongezeka!"

"Ametulia! Mshauri, saini!"

Bi. Eufrasia akachukua kalamu. Mheshimiwa akamsogelea sikioni, nami nilikuwa karibu, nikasikia: "Saini, na mishahara yako yote tisa inatoka Jumatatu."

Ni lazima niseme hapa kwamba Bi. Eufrasia mwenyewe alikuwa na nyumba ya mkopo. Alikuwa na wazazi wake wawili ndani. Nilimwona akiitazama kalamu kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji kutazamwa.

Kisha akamgeukia mteja wake, akamuuliza kwa sauti ileile ya Alhamisi, "Fundi, niambie kweli. Unafurahia kuondoka kwenye nyumba hii?"

"Hapana, mama," alisema fundi. "Nafurahi kuona makoti yangu. Wizara iliniandikia kwamba hayajapokelewa. Nilidhani labda nimeota."

Bendi ilikuwa imemaliza kipande, kwa hiyo nchi nzima ilisikia.

Bi. Eufrasia akaandika polepole, akisoma anachoandika: "*Mteja hafurahii kuondoka. Anafurahia kazi yake. Cheti hakitolewi.*" Akanirudishia kalamu.

Mheshimiwa alicheka kicheko cha kamera. "Ndugu watazamaji, hili la makoti ni suala la stoo, ni la kitaalamu—"

"Mheshimiwa." Ilikuwa sauti ya Mama Sikitu. "Naomba kuuliza. Haya makoti yamepokelewa au hayajapokelewa?"

Sasa, Mheshimiwa Kitunzi alikuwa mtu makini. Akisema yamepokelewa, ina maana anadaiwa. Akaangalia kamera, akajinyoosha.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, mama, hayajapokelewa."

"Ahsante. Basi bado ni mali yetu." Akaigeukia bendi. "Wanangu, vueni."

Kiongozi wa bendi, mzee wa mvi, alimtazama waziri, akamtazama Mama Sikitu, kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine.

"Unafanya nini wewe?" Mheshimiwa alifoka.

"Natii kumbukumbu za serikali, Mheshimiwa. Na mimi mwenyewe niko kwenye mafaili yenu. Namba mia mbili na nane."

Makoti yakavuliwa. Suruali nazo, maana zilikuwa za seti. Yalikunjwa vizuri, yakapangwa mezani kwa Mama Sikitu, na Bendi ya Taifa ikabaki na fulana na kaptura za ndani za rangi mbalimbali. Mheshimiwa aliamuru mitambo izimwe. Mzee wa bendi akawahi kuinua fimbo yake, na bendi ikaanza Wimbo wa Taifa.

Katika Jamhuri ya Shwari, Wimbo wa Taifa ukianza hakuna ruhusa ya kusogea wala kuzima kitu chochote mpaka uishe. Nao una beti saba. Tulisimama wima, mimi na muhuri wangu, dalali na suti yake, Ofisa Ndimbo na futi yake, na Mheshimiwa mkono kifuani, jasho likimtiririka, huku wanaume sitini wenye kaptura wakipiga beti zote saba mbele ya taifa bila kukosea noti. Kwenye ubeti wa tano simu ya Mheshimiwa ililia mfukoni. Ililia mpaka ubeti wa saba. Wote tulijua ni nani peke yake anayeweza kupiga simu wakati wa Wimbo wa Taifa.

Aliipokea. Hakusema kitu isipokuwa "ndiyo, Mkuu" mara nne. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye hati ya kupokea mali.

Mama Sikitu alikuwa nayo. Alikuwa nayo muda wote, ndani ya blauzi, nakala tatu. Waziri akatia saini juu ya ngozi ya ngoma kubwa. Nikapiga muhuri.

*

Fundi alilipwa baada ya siku tisa, jambo ambalo Wizarani walilieleza kama ajali. Fedha zilikwenda benki, deni la miezi yote likafutika, na dalali akaondoa jina lake kwenye orodha.

Mama Sikitu alikuja Kituoni kufunga faili. Nilimuuliza, fundi sasa yukoje? Akaniambia amecheka siku mbili mfululizo, kinyozi ameruhusiwa barazani, kuku wameanza tena kutaga.

"Na wewe, mama?"

Akakaa kwenye benchi la wateja akalia, kimyakimya, karibu nusu saa. Nilimpelekea maji.

"Samahani, mwanangu," alisema mwishowe. "Miezi yote hiyo nilikuwa nalinda huzuni ya mtu mwingine. Yangu haikupata nafasi."

Kuhusu Bi. Eufrasia, barua ya kumfukuza kazi iliandaliwa Jumamosi ileile. Ilihitaji saini ya Waziri. Lakini taarifa ya habari ya saa saba mchana ilitangaza kwamba Mheshimiwa Kitunzi ameteuliwa kuwa raia wa kawaida, hivyo barua ikabaki bila mtu wa kuitia saini, na kwa kuwa hakufukuzwa aliendelea kuja kazini. Waziri mpya alimpa mishahara mitatu kati ya tisa. Alishukuru. Wazazi wake bado wamo ndani.

Wiki tano baadaye, Alhamisi asubuhi, niliinua kichwa nikamwona Mheshimiwa Kitunzi mbele ya meza yangu. Alipanda ngazi mwenyewe. Ilikuja kujulikana kwamba jumba lake la Kilima cha Wakubwa ni la mkopo wa Benki ya Paa, na miaka minne hajalipa chochote, kwa kuwa hakukuwa na karani jasiri wa kumwandikia barua. Sasa jasiri alikuwa amepatikana.

Nikampa fomu. Kwenye swali la nne aliweka mstari, akaandika: *Haihusiki.*

Bi. Eufrasia alimkaribisha, akamvutia kiti. Mlango ulikuwa bado haufungi.

"Karibu, Mheshimiwa. Unajisikiaje kuhusu nyumba yako?"

"Najisikia vizuri sana."

"Ulikuwa nayo miaka mingi. Wajukuu wamezaliwa humo."

"Watatu," alisema, na sauti ikamkatika kidogo. Akakohoa. "Vizuri sana."

"Mheshimiwa." Nilisikia kiti chake kikisogea karibu. "Kuna kifungu cha tisa. Mtu mwenye huzuni haguswi. Sijui kama ulipata nafasi ya kukisoma."

"Mimi ndiye niliyekipeleka bungeni, Bi. Eufrasia."

"Basi unaelewa ninachokuuliza. Hata huzuni kidogo. Hata ya kawaida. Sema tu."

Nilichungulia kwenye upenyo. Mheshimiwa alikuwa ameutazama ukuta, kidevu kinacheza, macho yamejaa. Bi. Eufrasia alimsogezea karatasi laini. Aliichukua, akaiangalia, akafutia viatu.

"Mimi ni mwasisi wa utulivu katika nchi hii," alisema. "Mwasisi akisema ana huzuni, historia itamwandika vipi? Nimetulia. Andika hivyo."

"Nakuuliza mara ya mwisho, baba yangu."

"Nimetulia!"

Bi. Eufrasia akatia saini. Hakufurahi, nilimwona, alikaa na kalamu mkononi muda mrefu baada ya kumaliza. Hicho kilikuwa cheti cha kwanza kutolewa na Kituo chetu tangu kizinduliwe.

Mheshimiwa alisimama mezani kwangu akiwa wima kama siku ya gwaride. Aliomba kitu kimoja tu: cheti kiwekwe kwenye fremu ya kioo, ili akakitundike sebuleni. Nilikiweka mwenyewe, nikakifuta vumbi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akashuka nacho ngazi akiwapungia mkono watu wa foleni, na chini mlangoni dalali alikuwa ameshamfungulia gari. Nilitaka kumuuliza ni sebule ipi, lakini swali hilo halikuwamo kwenye fomu.